Baba Anataka Maji ya Samaki Yawe ya Kijani

Mama Bathsheba mpendwa,

Sijui hata kama shida yangu ni ya ukurasa wako, kwa sababu wenzangu wanaokuandikia wana shida za wachumba na mama wakwe na yangu mimi ni ya samaki, lakini nimejaribu kuipeleka kwa watu wengine nikashindwa kufungua mdomo, na wewe hunioni, kwa hivyo nakuomba unisaidie, na kama utacheka ucheke kabla hujaanza kuandika jibu. Majina ya watu nimeyabadilisha, ila jina la mahali nimeliacha kwa sababu Nyansiongo ni kubwa.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na si mtu wa maneno. Mwalimu akiniita nasimama halafu jibu linapotea, ingawa nilikuwa nalo nikiwa nimekaa. Nyumbani tunaongea Ekegusii, na hata hicho mimi naongea kidogo. Nikiandika ndipo maneno hunitoka.

Binamu yangu Maureen hufanya kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya meno mjini Kisii. Kliniki ilipohamia jengo jingine daktari akasema tangi la samaki halihami, mwenye kulitaka alichukue, na Maureen akanikumbuka kwa sababu kila nilipompelekea ndizi zake nilikuwa nakaa pale kwenye kiti cha wagonjwa naliangalia mpaka wananiuliza jino gani linaniuma. Likaja Nyansiongo kwa pikapu ya ndizi ya mama, limefungwa blanketi kama mtoto. Nikatia mchanga na mawe ya mtoni, nikapanda mimea ya majini niliyoagiza kwa jamaa mmoja wa Kisumu, mingine majani yake ni marefu kama utepe na mingine inatambaa chini kama nyasi ya uwanja, halafu nikatia gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Kliniki ilikuwa imetuachia na taa yake, kwa hivyo nikawa naiwasha nikiamka na naizima nikienda kulala, na Mama Bathsheba, wiki za kwanza nilikuwa nikitoka shule siulizi hata chakula.

Sasa nikueleze kuhusu Tata, yaani baba yangu, kwa sababu bila yeye hutaelewa chochote.

Tata alikuwa na mabwawa mawili ya samaki kule bondeni chini ya shamba la chai. Si kujisifu, watu walikuwa wakitoka mpaka Keumbu na Mosocho kuja kujifunza kwake, na afisa wa samaki alikuwa akileta vikundi. Tata anaingia majini na viatu vyake vya mpira, anakunja mkono wa shati, anatumbukiza mkono mpaka kiwiko halafu anawaambia, "Ukikiona kiganja chako, samaki wako ana njaa." Maana bwawa la tilapia maji yake yanatakiwa yawe kijani, ule ukijani wenyewe ndio chakula, na ili upate ukijani unafunga samadi ya kuku kwenye gunia unaizamisha kwenye kona, inajitoa polepole kama majani ya chai kwenye birika. Nimekua nikiyaona hayo. Samaki hao ndio walionivisha hii sare.

Mwaka juzi mvua ilivunja kingo za mabwawa yote mawili, na asubuhi tilapia walikuwa wametapakaa kwenye nyasi ya ng'ombe mpaka mtoni. Majirani wengine waliwaokota wakatuletea, wengine waliwaokota. Tata akaacha kushuka bondeni. Alianza kukaa sebuleni kwenye kile kiti chake akiangalia televisheni, hata ikiwa imezimwa, na mama akimwambia twende shambani anasema anakuja. Wageni waliacha kuja kujifunza.

Tangi lilipofika hakuliangalia. Halafu siku moja nikatoka shule nikakuta kiti kimegeuzwa, kimeipa televisheni mgongo.

Akaniuliza, "Huyu anaitwaje?"

"Gapi, Tata."

"Atakua mpaka wapi?"

"Ameshakua. Ni hapo tu."

"Yaya, hapana! Sasa huyu ni wa kuliwa na nani?"

Mama akajibu kutoka jikoni, "Ni wa kuliwa na macho, Nehemiah, kula ushibe!" na Tata akacheka, na mimi nikaenda nje nikasimama karibu na zizi kwa sababu nilikuwa nimesahau kicheko chake kinasikikaje.

Kutoka siku hiyo akawa anaamka mapema. Anafungua pazia ili samaki wapate jua, anakaa, anawahesabu. Mpaka siku moja nikamwona anaosha vile viatu vyake vya mpira na kuvianika ukutani, na mama akaniangalia na mimi nikamwangalia.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Maji yakageuka kijani. Kwanza kama maji ya kuoshea sukuma, halafu kama rangi ya kupaka, nikawa simwoni samaki mpaka aje kugusa kioo. Kioo nacho kikashika utando wa utelezi, na majani ya mimea yakaota nyuzi za kijani kama nywele. Kitabu cha bayolojia kinaita mwani, kinasema umuhimu wake, hakisemi unautoaje. Nikaingia mtandaoni kwa simu ya mama, huyu anasema punguza mwanga, huyu anasema ongeza mimea, huyu anasema badilisha maji kila siku, huyu anasema ukibadilisha maji kila siku ndiyo unauita, mwingine anauza dawa ya chupa na mwingine anasema dawa hiyo iliua samaki wake wote. Nikasugua kioo kwa mswaki mzee. Nikapunguza chakula. Nikalifunika tangi kwa shuka siku tatu, Tata akauliza kama kuna msiba, nikasema ni dawa. Maji yakasafika! Halafu baada ya siku chache yakarudi kijani vilevile. Nikaamini nina mkono mbaya.

Sabato moja tumbo lilinishika kanisani, mama akaniambia niende nyumbani nikalale. Tata alikuwa amebaki, tangu mabwawa yavunjike haendi kila mara. Nilipofika mlangoni nikamwona amesimama kwenye tangi, mkono wake umeingia majini mpaka begani, anazamisha kitu nyuma ya jiwe kubwa. Ilikuwa soksi. Ilikuwa soksi yangu ya shule, Mama Bathsheba, ya kijivu yenye mstari mwekundu, ile niliyopigishwa magoti kwa kuikosa, imejazwa samadi ya kuku na kufungwa kwa kamba ya katani.

Nikarudi nyuma mpaka langoni, nikakohoa, nikaingia upya. Alikuwa ameshakaa, mkono wa shati unadondosha maji.

"Umerudi?"

"Ndiyo, Tata."

"Kichwa?"

"Tumbo."

"Kunywa maji moto."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote kuhusu jambo hilo mpaka leo ninapokuandikia.

Sasa nakwambia nililofanya. Kesho yake alipotoka kwenda chooni niliitoa ile soksi, nikamwaga samadi kwenye migomba, nikaijaza mchanga, na ili akiibinya itoe rangi, na akiifungua adhani ni samadi iliyokwisha nguvu, nikachanganya na makapi ya majani ya chai, nikafunga fundo lilelile nikairudisha nyuma ya jiwe. Baada ya siku kadhaa akaitoa akatia samadi mpya. Nikaitoa nikatia mchanga na makapi. Tumeenda hivyo tangu mwanzo wa muhula. Mimi ni mwizi wa samadi, sijui kama kuna dhambi ya jina hilo.

Lakini hata hivyo sielewi. Ule ukijani wa maji umetoka, ndiyo, lakini nyuzi hazikutoka, zimezidi, zimefunga mimea midogo mpaka inaoza chini, maji yenyewe yamekuwa na rangi kama ya udongo, na asubuhi gapi wanakaa juu wanavuta hewa kwa midomo, na wawili wamekufa. Samadi haimo na bado wanakufa! Ndipo nikaanza kujiuliza, je, kama Tata ndiye yuko sawa na maji maangavu ni maji yenye njaa? Yeye amefuga samaki miaka yote hiyo na mimi nimefuga YouTube.

Halafu wiki iliyopita alikuja jirani yetu Machogu, yule ambaye hawezi kuingia bila kupiga kelele. Amechimba bwawa na anataka Tata akamwonyeshe kazi. Nilikuwa napeleka chai nikasikia.

"Nehemiah, inuka! Nimechimba shimo, mke wangu anasema nimechimba kaburi langu. Njoo uniokoe."

Tata akasema, "Tafuta vijana wa kaunti."

"Vijana wa kaunti wanakuja na makaratasi. Mimi nataka mtu wa kuingia majini."

Tata akaangalia tangi. Akasema, "Hii ndoo ya kioo imenishinda, Machogu. Kila ninachotia hayashiki rangi. Maji yamenikataa. Sasa nikafundishe nani bwawa?"

Machogu akacheka peke yake, halafu akaacha. Akasema atarudi baada ya Sabato nne, na akikuta jibu ni hilohilo atatafuta mtu mwingine kwa sababu vifaranga vya samaki ameshaviagiza. Jioni nilipotoka kukamua, vile viatu vya mpira havikuwa tena ukutani. Vimerudishwa chini ya ghala.

Kwa hivyo nimechanganyikiwa, sijui nianzie wapi. Nikiacha samadi, mimea na samaki wanakwisha. Nikiitoa, wanakwisha polepole. Nikimwambia Tata anakosea, mimi ni nani, kwetu mtoto hamrekebishi baba kuhusu kazi ya mikono yake, kuna chinsoni, ile heshima ya aibu baina ya mtoto na mzazi, na pia naogopa kile kiti kitageuka tena kuelekea televisheni. Nikimwambia mama, atacheka na soko lote la Keumbu anakouza ndizi litacheka kabla ya saa nne. Labda nilirudishe tangi kwa Maureen niseme limevuja. Nisaidie tafadhali, na usiandike jibu refu sana kwa sababu gazeti tunasoma zamu.

Ni mimi,
Mwenye Haya, Nyansiongo

*

Mwenye Haya,

Nimecheka, tena nikiwa katikati ya kuandika, kwa hivyo nisamehe. Nilicheka mpaka kwenye makapi ya chai. Nilipofika kwa Machogu nikaacha kucheka, na nitakuambia kwa nini, lakini kwanza tuwaokoe samaki, maana hao hawawezi kungoja mimi nimalize kukukemea.

Mimi samaki nawajua kwenye sufuria. Kwa hivyo nimempigia simu Bwana Onyancha, mwalimu wa bayolojia aliyestaafu ambaye ana matangi kama yako sebuleni mpaka mkewe amelalamika kwenye ukurasa huuhuu, na nimemsomea barua yako bila kumwambia inatoka wapi. Jibu lake ni hili: baba yako hakosei, na wewe hukosei. Bwawa ni pana, lina upepo, lina matope, na tilapia wanakula ule ukijani. Tangi lako ni beseni lenye madirisha. Gapi wako unawalisha kwa mkono, na mimea yako inataka mwanga ufike chini. Maji yakiwa kijani, mimea inakaa gizani. Samadi ikioza humo, inakula hewa ambayo samaki angeivuta, ndiyo maana asubuhi unawakuta juu midomo wazi. Elimu ni ya kweli, ila imewekwa mahali pasipo pake.

Unauliza kwa nini wanakufa na samadi haimo. Binti yangu, makapi ya chai unadhani ni mapambo? Nayo yanaoza! Yanatia maji rangi ya udongo, yanalisha zile nyuzi, na yanakula hewa ileile. Ulitoa mbolea ya baba ukatia ya kwako. Na juu ya hayo unawasha taa tangu kuamka hadi kulala, na pazia liko wazi jua linaingia. Mwani hauna haja ya kingine. Ukiupa mwanga wa kutwa nzima na uozo wa kula, utaota hata kwenye glasi ya maji ya kunywa. Kwa hivyo mkono wako si mbaya, ni mwepesi wa kuficha tu.

Leo hii toa soksi, iwe na chochote kilichomo. Zile nyuzi zizungushe kwenye mswaki kama unavyozungusha ugali kwenye mwiko, uzivute, usizikatekate zikasambaa. Majani yaliyooza yatoe yote. Badilisha maji theluthi moja, na maji mapya yawe yamelala kwenye ndoo usiku mzima kama ni ya bomba, halafu uwe unafanya hivyo mara moja kwa wiki, si kila siku. Pazia lifungwe. Taa iwake ukitoka shule na izimwe kabla ya kulala, yaani kwa muda wa saa sita au saba basi. Chakula kiwe kidogo, kiishe kabla hujafunga kopo. Mwombe yule jamaa wa Kisumu mmea wa kuelea unaokua haraka, utaunyang'anya mwani chakula chake. Dawa ya chupa usinunue, na sabuni isiguse humo ndani hata tone. Hutaona mabadiliko kesho. Utayaona baada ya wiki kadhaa, na hata hapo utando kidogo utabaki kwenye mawe. Uache. Bwana Onyancha anasema tangi lisilo na mwani hata chembe liko kwenye picha ya tangazo.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa nakuja kwa ambalo hukuuliza, na hapa vumilia kidogo.

Umewahi kuisoma barua yako mwenyewe? Isome tena pale Machogu alipokuja. Mtu aliyejulikana mpaka Keumbu kwa kuyafanya maji yashike rangi anatia samadi, anangoja, hayashiki. Anatia tena, hayashiki. Anabadilisha samadi, anafungua pazia, anangoja, hayashiki. Anamwambia rafiki yake kwamba maji yamemkataa, anakwenda kurudisha viatu chini ya ghala. Na wewe umesimama hapo na sinia ya chai, wewe peke yako katika nyumba hiyo unajua kwamba maji hayakumkataa. Ni mchanga! Uliogopa kumwambia amekosea, ukachagua kumwacha aamini mikono yake imekufa. Nakupa pole kwa sababu hukujua. Sasa unajua, na pole yangu imeishia hapo.

Usiniambie ni chinsoni. Mimi nimezaliwa Mosocho, chinsoni nimezinyonya kabla sijaota meno. Chinsoni zinakukataza kumfokea mzazi, kumwaibisha mbele ya wageni, kuingia chumbani mwake. Hazikukatazi kumpa habari. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya jirani, unamwambia baba au unakaa kimya kwa heshima mahindi yaishe? Basi ng'ombe ameingia. Huku kunyamaza kwako kuna jina jingine, nalo ni woga, na usiuvike jina la mila zetu.

Naye baba yako simwachi. Mzee mzima anazamisha soksi ya mtoto Sabato mchana watu wakiwa kanisani, badala ya kuuliza, "Binti yangu, tangi hili linalishwaje?" Mtoto anapigishwa magoti shuleni na yeye ana soksi. Hii haya yako hukuiokota njiani, umeirithi. Lakini mtu mzima sitamrekebisha kupitia gazeti. Nimepewa wewe, nitamalizana na wewe.

Tangi usilirudishe kwa Maureen. Ukilitoa sasa utakuwa umethibitisha kwamba limemshinda.

Mama umwache kwa sasa, na si kwa ajili ya soko la Keumbu. Jambo hili lilianza baina ya watu wawili, liishe baina ya watu wawili.

Jumapili hii, mchana, kabla Machogu hajarudi, nenda kwa baba yako. Usianze kwa pole na usianze kwa bayolojia. Anza kwa hili: "Tata, samadi yako ilifanya kazi. Maji yalishika rangi vizuri sana. Mimi ndiye niliyeitoa nikatia mchanga." Sema hayo matatu kwa mpangilio huo, hata kama sauti itatoka kama ya panya. La kwanza ndilo analolihitaji, la tatu ndilo unaloliogopa, na la kwanza halitaaminika bila la tatu. Ukishayasema, nyamaza, kama ulivyozoea.

Atakasirika. Pengine atakuuliza maswali ambayo hutakuwa na majibu, pengine hatauliza kitu na atatoka nje mpaka jioni. Mwache atoke. Hasira ya mtu aliyegundua kwamba hakushindwa haikai sana, nimeiona kwa wengi. Na adhabu akikupa, ipokee, unastahili kidogo.

Akirudi, mwombe kazi. Namaanisha kazi ya kweli, si ya kumbembeleza, maana mzee atainusa huruma yako kabla hujafungua mdomo. Bwana Onyancha ananiambia gapi wanazaa kila mara, na vitoto vyao vikibaki na wakubwa huliwa. Vitoto hivyo hukua vizuri sana kwenye maji ya kijani, kwa sababu humo mna vidudu vidogo visivyoonekana ambavyo ndivyo saizi ya midomo yao. Sasa, katika Nyansiongo nzima, nani anajua kuyafanya maji yawe ya kijani yanayofaa, yasiwe ya kuoza? Tafuteni pipa lililokatwa au karai kubwa, liwekwe nyuma ya nyumba juani, na baba yako aweke maji anavyojua yeye. La kioo liwe lako, la juani liwe lake. Ukihitaji kukuza vitoto utakwenda kwake na kikombe uombe. Na utasikiliza anavyokuelekeza, hata yale unayodhani ulishayaona YouTube.

Kuhusu Machogu, usimsukume. Usimkumbushe siku, usivitoe viatu chini ya ghala ukavianika ili avione. Najua ungependa, ndiyo njia yako, kuweka vitu mahali watu wavikute. Mwache mtu aamue kama atakwenda kwenye bwawa la jirani yake akiwa na ukweli wote mkononi. Akikataa hata hapo, atakuwa amekataa yeye. Hatakuwa amekataliwa na maji.

Na hapa nakuona. Unasoma mstari huu na umeshapata wazo: utaliacha gazeti mezani likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa huu, karibu na miwani yake, halafu uende bondeni kukata nyasi ya ng'ombe mpaka giza liingie. Usithubutu. Ukurasa huu ukimaliza kuusoma uchane, uwashie moto, uinjike chai juu yake. Mpelekee kikombe chake wewe mwenyewe, na ukishamkabidhi usigeuke kurudi jikoni. Vuta kiti.

Mama Bathsheba